Siku 120: namna muji wa Milwaukee ulitaka kufunga mlango

Hii shida tunaijua kwetu Congo. Ukitaka tribinali ivunje uamuzi wa Leta, sheria ya tarehe 15/10/2016 inakuomba kwanza umwandikie mkubwa yule yule aliyeuchukua. Wengi wanashindwa hapo hapo, kesi haijaanza. Leo niwaletee historia ya Marekani, ambako mtu mmoja alifikisha neno hilo mpaka tribinali kubwa kupita zote.

Kule miji iliweka sheria kama hizo tangu karne ya 19, zaidi juu ya barabara. Mtu anateleza kwenye barafu ao anaanguka mu shimo, anashitaki muji. Lakini barafu inayeyuka, shimo linafukiwa. Muji ukasema: tujulishe haraka, tuende kuangalia. Mimi naona hapo ilikuwa na maana.

Sasa sikieni. Tarehe 4/7/1981, sikukuu ya uhuru wao, polisi wa Milwaukee, mu jimbo la Wisconsin, walikuwa wanatafuta mtu mwenye silaha mu kartiye moja. Wakamsimamisha Bobby Felder, Mweusi. Jamaa na majirani wakatoka, wakawahakikishia si yeye. Polisi walisema aliendelea kubishana na akasukuma mmoja wao, ndiyo maana wakamfunga. Yeye alisema walimpiga fimbo za kichwa na uso, wakamburuza chini, wakamtupa mu gari yao akiwa karibu kuzimia, watu wote wanaona. Mashitaka ya kufanya fujo yaliondolewa. Mshauri mmoja wa muji aliomba uchunguzi, polisi wakajichunguza wenyewe.

Kisha miezi tisa, Felder akashitaki muji na polisi. Wakamjibu: umechelewa! Sheria ya Wisconsin ilitaka ajulishe muji kwa maandishi mu siku 120. Kisha muji unapewa siku 120 zingine za kufikiri, na ukikataa, mtu anabaki na miezi sita tu ya kushitaki. Tribinali kubwa ya Wisconsin ikatupa kesi. Kwamba habari ilikuwa imejulikana muji mzima, hiyo haikutosha.

Avoka wake alikuwa ameshika sheria ya taifa ya 1871, iliyotungwa wakati Ku Klux Klan inaua Weusi kusini na wakubwa wa kule wanafumba macho. Tarehe 22/6/1988, huko Washington, waamuzi saba juu ya wawili wakampa Felder haki. Brennan ndiye aliandika: sheria hiyo ililetwa kukinga watu na wakubwa wa majimbo, basi namna gani umlazimishe aliyeumizwa aanze kuwapigia wale wale magoti? O'Connor na Rehnquist walikataa: kwao, jimbo lina haki ya kupanga namna kesi zinaingia mu tribinali zake.

Ile sheria ya siku 120 haikufa. Kwa aliyeanguka mu shimo la barabara, iliendelea kufanya kazi. Iliondolewa tu kwa kesi za ile sheria ya 1871. Na Felder mwenyewe? Miaka karibu saba ilikuwa imepita, na hakuna mwamuzi aliyekuwa amesikiliza bado habari ya zile fimbo.