Nusu ya Mavuno: Sanaa, Mlo na Mvinyo katika Vilima vya Toscana

Safari fupi za watalii katika mkoa wa Toscana, ulioko katikati ya Italia, kwa kawaida hugawanywa mafungu matatu: siku ya makumbusho mjini Firenze, jioni ya kula vyakula vya kienyeji, na siku ya kuzungukia mashamba ya mizabibu ya Chianti, eneo la vilima lililo kati ya Firenze na Siena. Mgawanyo huo ni wa watalii wa leo, wala si wa historia. Katika zama za Renesansi, yaani kipindi cha mwamko wa sanaa na elimu kilichostawi Italia hasa katika karne ya 15 na ya 16, aliyelipia picha, aliyeuza mvinyo na aliyemiliki shamba mara nyingi alikuwa mtu yule yule, na sehemu kubwa ya kilichokuwa mezani pake ilitoka mikononi mwa mkulima ambaye jina lake halikuandikwa chini ya picha yoyote.

Mkulima huyo aliishi chini ya mkataba uitwao mezzadria, ambao kwa Kiswahili unaweza kuelezwa kuwa ukulima wa nusu kwa nusu. Mwenye ardhi, ambaye aghalabu alikuwa mkazi wa mjini, alitoa shamba na nyumba iliyojengwa ndani yake, pamoja na sehemu ya mbegu na mifugo. Familia ya mkulima ilitoa nguvu zake zote, kuanzia za babu hadi za mjukuu, na mavuno yaligawanywa sawa baina ya pande mbili. Mfumo huu ulienea tangu karne ya 13, na mwaka 1427, serikali ya Firenze ilipowataka raia wake waandikishe mali zao kwa ajili ya kodi, madaftari yalionyesha wazi jinsi matajiri wa mji walivyoshika ardhi ya vijijini. Kwa kuwa familia ililazimika kupata karibu mahitaji yake yote katika shamba hilo hilo, mizabibu haikupandwa peke yake kama inavyoonekana leo, bali ilipandishwa juu ya miti hai, ngano ikaoteshwa kati ya safu zake, na mizeituni ikasimama kandokando. Mandhari ambayo wageni huisifu kwa uzuri wake ilipangwa kwanza kwa hesabu ya njaa na shibe.

Hakuna kazi ya sanaa inayoonyesha jambo hilo vizuri kuliko picha ambazo Ambrogio Lorenzetti alizichora mwaka 1338 hadi 1339 katika jumba la serikali ya Siena, ndani ya ukumbi ambamo watawala tisa wa mji walikutana. Ni picha za freski, yaani zilizochorwa juu ya lipu ambayo bado ni mbichi ili rangi ishikamane na ukuta, na moja kati yake inaeleza matokeo ya utawala bora mjini na shambani. Upande mmoja wa lango la mji mafundi wanajenga na wafanyabiashara wanauza. Upande wa pili wakulima wanapura nafaka, mizabibu imepangwa kwenye miteremko, na mtu mmoja anaswaga kuelekea mjini nguruwe mweusi mwenye mkanda mweupe begani, wa aina ambayo hadi leo inafugwa Siena na kuthaminiwa kwa nyama yake. Lango lenyewe liko wazi: mabwana wanatoka kwenda kuwinda, na punda wanaingia na magunia. Lorenzetti aliona kwamba mji usio na shamba hauwezi kuchorwa kikamilifu, na katika hilo alikuwa na macho makali kuliko wengi waliomfuata.

Firenze nayo iliunganisha mambo hayo katika milango ya nyumba zake. Mwaka 1385 Giovanni di Piero Antinori alijiunga na chama cha wauza mvinyo, kimojawapo cha vyama vya kazi vilivyosimamia biashara za mji, na jamaa yake inauza mvinyo mpaka sasa. Baadaye familia tajiri zilianza kuuza mvinyo wa mashamba yao moja kwa moja kutoka kwenye makasri yao, kupitia vidirisha vidogo vilivyotobolewa ukutani kwa kimo kilichotosha kupitisha chupa. Tauni ilipoushambulia mji mwaka 1630, vidirisha hivyo vilimwezesha muuzaji kuhudumia wateja bila kugusana nao, na sarafu zilipokewa kwa kijiko cha chuma kisha zikatumbukizwa katika siki. Zaidi ya vidirisha 150 vingali vinaonekana katika mji wa kale, na baadhi vilifunguliwa tena mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa korona.

Wasanii wenyewe hawakuwa mbali na mambo haya ya tumbo. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia, anasimulia kwamba Filippo Brunelleschi, alipokuwa akijenga kuba la kanisa kuu la Firenze kuanzia mwaka 1420, aliweka majiko na mvinyo huko huko juu ili wajenzi wasipoteze muda kwa kushuka kula. Katika nyumba ya ukoo wa Michelangelo imehifadhiwa karatasi ya mwaka 1518 ambamo msanii huyo aliorodhesha vyakula, vikiwamo mikate, samaki na mvinyo, na pembeni akavichora kimoja kimoja. Katika monasteri, ukuta wa bwalo, yaani ukumbi wa kulia chakula, ulipambwa kwa picha ya Karamu ya Mwisho; ile ya Domenico Ghirlandaio ya mwaka 1480, katika monasteri ya Ognissanti, ina meza ndefu yenye mikate, mvinyo na matunda, hata watawa walikula wakiutazama mlo mwingine mbele yao.

Chakula cha wakulima, ambacho sasa hoteli za Toscana hujivunia, kilikuwa chakula cha kutotupa kitu. Mkate wa huko hautiwi chumvi, na ukikauka huchemshwa pamoja na mboga za majani na maharage, ukapashwa moto tena kesho yake. Kabla ya maharage ya Amerika kufika, kunde ndizo zilizoliwa, nazo ni zao lenye asili ya Afrika ambalo Italia ililijua tangu zama za Warumi. Picha maarufu ya Annibale Carracci ya miaka ya 1580, inayomwonyesha mfanyakazi akila kwa pupa, inadhaniwa kuwa na bakuli la kunde. Nyanya, ambayo leo haiwezi kutenganishwa na mapishi ya Italia, ilikuwa bado kitu kigeni mwaka 1548, kikapu chake kilipofikishwa katika nyumba ya Cosimo I de' Medici, mtawala wa Firenze, mjini Pisa.

Mipaka ya mvinyo ilikuja kuwekwa kisheria tarehe 24 Septemba 1716, pale Cosimo III de' Medici alipotangaza maeneo manne, Chianti likiwamo, ambayo mvinyo wake ungelindwa dhidi ya udanganyifu. Mwaka 1872 Bettino Ricasoli, mwenye ngome ya Brolio na waziri mkuu wa zamani, alieleza katika barua mchanganyiko alioupendelea: zabibu za Sangiovese kwa nguvu na harufu, Canaiolo kwa kulainisha ukali, na Malvasia kwa mvinyo wa kunywewa mapema tu. Wenye ardhi wanakumbukwa kwa majina katika kila hatua ya historia hii. Waliopogoa na kuvuna hawakumbukwi, na huo ni upungufu mkubwa wa masimulizi yanayotolewa kwa wageni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana waliukimbia mkataba wa nusu na kwenda viwandani. Sheria ya mwaka 1964 ilipiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo, na ile ya mwaka 1982 iliweka njia ya kugeuza iliyobaki kuwa ya kukodi ardhi. Maelfu ya nyumba za mawe zilibaki tupu vilimani, mpaka wanunuzi kutoka mijini na nchi za nje walipozikarabati; na tangu sheria ya mwaka 1985 ilipowaruhusu wakulima kupokea wageni katika mashamba yao, nyingi kati ya nyumba za wakulima wa nusu ndizo wanamolala watalii.