Kwa nini mzee huzima redio akifika mlimani

Wasee, kuna kitu nimekiona kwa mzee wangu tangu ile Desemba gari ituzimikie usiku. Tukitoka Umoja kwenda ushago, tukishapita Salgaa na kuanza kupanda kuelekea Mau Summit, anazima redio. Anasikiliza injini. Na sisi wote ndani ya hiyo gari ya viti saba tunasikiliza, hata nyanya ambaye hajawahi kufungua boneti maisha yake yote.

Nimekuwa nikijiuliza hii hofu ilianza lini, kwa sababu wazee wa Eastlands hawakuwa nayo hivi.

Uliza mtu aliyekulia Jericho au Buruburu miaka ya 1970 na 1980 gari ya familia ilikuwa gani. Wengi watakuambia Peugeot 504, hasa ile ndefu ya safu tatu za viti. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, kwa hivyo aliyeinunua alijua imepimwa kwa matope yetu wenyewe. Ilikuwa inaharibika, tusidanganyane. Lakini ilikuonya kwanza. Mshale wa joto unapanda, mvuke unatoka, unaegesha kando, unangoja ipoe, unaongeza maji ya mtungi. Ukirudi Nairobi unaipeleka Grogan, na fundi mwenye spana chache na sikio zuri anakuambia shida iko wapi. (Barabara yenyewe ni Kirinyaga siku hizi. Jina la yule settler Ewart Grogan limebaki midomoni mwa mafundi tu, sijui kama angefurahi.)

Halafu ikaja 1993. Serikali ikaondoa vibali vya kuagiza bidhaa kutoka nje, na mitumba ya Japan ikaanza kumiminika Mombasa. Hapa ndipo watu huwa hawaangalii vizuri. Kule Japan gari mpya hukaguliwa kisheria ikifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Huo ukaguzi unaitwa shaken na ni ghali, kwa hivyo mwaka wa tano au wa saba ukikaribia, wengi wanaona heri wauze. Huku kwetu, sheria ya KEBS inakataa gari iliyozidi miaka 8. Weka hizo hesabu mbili pamoja. Sisi hununua gari wakati ule ule mwenyewe anaamua haifai tena kuitengeneza. Na wengi wetu, kwa bei, hatuchukui ya miaka 3. Tunachukua ya 7.

Kwa gari ndogo ya petroli hiyo si shida kubwa. Shida ni zile kubwa za dizeli ambazo kila familia ya Donholm ilianza kuzitamani. Chukua injini ya Toyota 1KZ-TE ya zile Prado za miaka ya 1990. Inajulikana kwamba ikichemsha, silinda hedi yake hupasuka. Isuzu 4JX1 ya Bighorn na Trooper ilitumia presha ya oili ya injini kusukuma nozo, kwa hivyo oili ikiwa mbovu, kila kitu ni kibovu. Kisha 1KD ya Prado zilizofuata. Zile za mwanzo, wosha za shaba chini ya nozo zikianza kuvuja, moshi wa moto unaingia kwenye oili, oili inageuka masizi, na masizi yanaziba kichujio kilicho chini kabisa kwenye sampo. Hapo oili haipandi tena. Taa nyekundu ikiwaka umeshachelewa. Hakuna mvuke, hakuna mshale wa kukuonya kama 504.

Na msidhani ni shida ya mitumba tu. Mwaka 2025 General Motors waliita tena karibu magari 600,000 kule Marekani, Escalade na Tahoe zikiwemo, kwa sababu injini ya V8 ya lita 6.2 ingeweza kuzima ukiwa barabarani. Tofauti ni kwamba kule mwenye gari huandikiwa barua. Mtu wa Kayole aliyenunua gari ya mkono wa pili yadini, iliyotumiwa miaka 7 na mtu asiyemjua, hiyo barua itamfikaje?

Yetu ilizima saa tatu usiku. Sitataja ni ya kampuni gani. Ilitoa mlio kama wa kokoto ndani ya mkebe, mara mbili, kisha kimya. Malori yalikuwa yanatupita karibu hadi gari inatikisika. Mama aliwatoa watoto wote akawaweka ng'ambo ya mtaro, akawafunika na leso moja. Tulikaa pale mpaka alfajiri. Fundi alipofungua injini, oili ilikuwa nzito kama lami. Alisema hiyo si ya mwaka mmoja, wala miwili.

Injini nyingine ya kutoka Japan ilikula karo yangu ya semesta mbili. Watu hupenda kusema niliacha kampasi ili nikae na simu. Sikuwa na nguvu ya kueleza mambo ya sampo kwa kila mtu, basi nikawaacha waseme.

Mwaka huu nimemwambia mzee tufanye kitu kimoja kabla ya Desemba. Si kubadilisha oili peke yake, kila mtu hufanya hivyo. Tufungue sampo tuone kichujio. Mwanzo alikataa, akasema nitaleta mkosi. Jumamosi iliyopita tukaipeleka Kariobangi Light Industries, fundi akalala chini yake na tochi mdomoni. Alipotoa kichujio alikifuta na kitambaa, akakiangalia, akampa mzee bila kusema kitu. Nusu yake ilikuwa nyeusi ti. Mzee alikishika muda mrefu, kisha akauliza kipya ni pesa ngapi.