Kutoa Nyimbo Kwenye CD: Safari ya Sauti za Rwenzori

CD ya muziki haina faili ndani yake. Ina mkondo mmoja mrefu wa sauti iliyogeuzwa kuwa tarakimu, unaozunguka kutoka karibu na tundu la katikati kuelekea ukingoni. Mwanzoni mwa mkondo huo kuna orodha fupi inayoonyesha kila wimbo unaanzia dakika na sekunde ipi. Kwa hiyo kuhamisha wimbo kutoka CD hadi kompyuta kulihitaji ufundi ambao kunakili barua au picha hakukuuhitaji. Wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, kuanzia mjini hadi Bwera mpakani na Bwesumbu kwenye miteremko ya milima ya Rwenzori, ufundi huo ni hatua moja katika historia ndefu ya kuhifadhi sauti za Wakonzo, wenyeji wa huko.

Kabla ya mashine, wimbo ulihifadhiwa na watu. Upigaji wa endara, marimba makubwa ambayo vipande vyake vya mti hulazwa juu ya migomba, ulifunzwa kwa kusikiliza na kuiga. Mashine za kurekodi zilipofika, zilikuja na wageni. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala, alizunguka nchini akirekodi muziki kati ya 1949 na 1954. Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi kaskazini-mashariki mwa Kongo ya Wabelgiji, na miongoni mwa aliowarekodi walikuwa Wanande, ndugu wa Wakonzo walio ng'ambo ya mpaka. Kazi ya Tracey ilihifadhiwa Afrika Kusini, na rekodi za Wachsmann zikafika Uingereza. Waimbaji walibaki na nyimbo zao, lakini sauti zao zilizonaswa zilikwenda mbali nao.

Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Mgodi ulivuta wafanyakazi kutoka pande nyingi, na kupitia mpaka wa Mpondwe rumba ya Kongo ilikuwa jirani. Santuri ilitamba kwanza, kisha kaseti ikashika soko. Kaseti ilimpa mtu wa kawaida uwezo wa kurekodi na kunakili mwenyewe, ila kila nakala iliyotokana na nakala nyingine ilizidi kufifia na kujaa mvumo.

Nyimbo za huku zilibeba pia historia ya siasa. Vuguvugu la Rwenzururu, lililotangaza kujitenga na ufalme wa Toro mwaka 1962, lilikuwa na nyimbo zake za malalamiko, na mwaka 1982 Peter Cooke na Martin Doornbos walichapisha utafiti juu ya nyimbo hizo. Agosti mwaka huohuo, Charles Wesley Mumbere, kiongozi wa vuguvugu hilo, aliteremka kutoka milimani na kuweka silaha chini. Miezi miwili baadaye, Oktoba 1982, CD za kwanza ziliingia madukani nchini Japani.

Kanuni za CD ziliwekwa na kampuni za Philips na Sony mwaka 1980. Sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, katika njia mbili, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Hesabu hiyo inatoa bayti 176,400 kwa sekunde, kwa hiyo wimbo wa dakika nne unachukua zaidi ya megabayti 40. Mkondo wa sauti umekatwa katika vipande 75 kwa sekunde. Diski ilibuniwa kwa ajili ya mashine inayocheza kutoka mwanzo hadi mwisho, si kwa kompyuta inayotaka kuruka, kusimama na kurudi.

Hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Kompyuta za mwanzo zilizokuwa na kisomea CD zilicheza muziki kwa kupitisha sauti kwenye waya mwembamba hadi kadi ya sauti. Aliyetaka faili alilazimika kucheza wimbo na kuurekodi upya papo hapo, na diski ya saa moja ilimchukua saa moja. Katika miaka ya 1990 visomea CD vilianza kuikabidhi kompyuta tarakimu zenyewe. Lakini kila kisomeo kiliposimama kidogo na kuendelea, hakikurudi daima mahali hasa kilipoachia. Vipimo vichache viliruka au kurudiwa, na sikio likasikia mlio mdogo wa kukatika. Programu kama cdparanoia, na Exact Audio Copy aliyoitoa Mjerumani Andre Wiethoff mwaka 1998, zilitibu tatizo hilo kwa kusoma sehemu ileile mara kadhaa na kulinganisha matokeo mpaka yapatane.

Hatua ya pili ilikuwa kupunguza ukubwa. Mfumo wa MP3, uliopewa jina hilo mwaka 1995, hupunguza ukubwa wa faili hadi karibu sehemu moja ya kumi kwa kuacha yale ambayo sikio haliyatambui kwa urahisi. Kadi ya simu ya megabayti 512 ingebeba nyimbo 12 tu za dakika nne kama zilivyo kwenye CD, lakini kwa MP3 ingebeba zaidi ya 120. Tofauti hiyo ndiyo iliyogeuza simu kuwa redio ya mfukoni. Katika miji ya Afrika Mashariki, kibanda chenye kompyuta moja kikawa mahali pa kuchoma CD na kujaza nyimbo kwenye kadi na flashi.

Mtego mmoja uliwanasa wengi. Kompyuta ya Windows ikifungua CD ya muziki huonyesha orodha ya vitu vinavyofanana na faili, vyenye mkia wa .cda. Mtu huvinakili kwenye flashi kwa sekunde moja na kuona kazi imekwisha. Kumbe kila kimoja ni bayti 44 tu, yaani anwani inayoelekeza kwenye diski, na hakina hata chembe ya sauti. CD ikishatolewa, anwani hiyo haifiki popote.

Majina nayo yalipotea njiani. CD nyingi haziandiki jina la wimbo wala la mwimbaji. Mwaka 1993 ilianzishwa hazina ya CDDB, ambayo kompyuta huiuliza majina kwa kulinganisha urefu wa nyimbo. Ilifaa kwa diski za kampuni kubwa. Diski ya kwaya ya kijijini iliyochomwa kwa idadi ndogo kwa kawaida haimo, hivyo mafaili yake hubaki yakiitwa namba moja, namba mbili, namba tatu, na aliyeimba hajulikani tena. Haki yake nayo inakuwa ngumu kudai, ingawa sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi na mwimbaji pia.

CD ya kuchomwa, tofauti na ile iliyogandamizwa kiwandani, huhifadhi sauti katika tabaka la rangi linalobadilishwa na leza. Jua, joto na unyevu huiharibu rangi hiyo, na siku moja kisomeo hushindwa kuitambua diski. Maji nayo hayasubiri: Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukaharibu makazi na mali Kilembe na Kasese. Nakala iliyo nyumba moja tu haijahifadhiwa.

Nakala za rekodi za Wachsmann zimerudi Uganda, katika hifadhi yenye jina lake Chuo Kikuu cha Makerere. Zimerudi kwa sababu mtu alizitunza, akazinakili na kuandika nani aliimba na wapi. Diski za kwaya na za sherehe zilizoko kwenye makabati ya Bwera na Bwesumbu zinastahili uangalifu uleule: zitolewe nyimbo kwa programu inayohakiki, zihifadhiwe kwa mfumo usiopoteza sehemu yoyote ya sauti kama FLAC, ziwekwe sehemu mbili zilizo mbali, na kila faili liandikwe jina la mwimbaji, kijiji na mwaka. Kompyuta mpya nyingi hazina tena kisomea CD. Mwenye diski na aifanye kazi hiyo wakati visomeo bado vinapatikana, na wazee wanaoyajua majina bado wapo.