Kati ya Kidole na Bodi: Historia ya Uunganishaji wa Skrini za Mguso katika Mifumo Iliyopachikwa, kwa Kurejelea Arusha

Historia ya skrini ya mguso imezoeleka kuandikwa kama historia ya kioo. Huanza na E. A. Johnson, mhandisi wa Uingereza aliyechapisha wazo hilo mwaka 1965 akiwalenga waongoza ndege; hupitia CERN, ambako skrini angavu za Bent Stumpe zilitumika katika chumba cha kuongozea mashine ya SPS mwaka 1976; kisha hurukia iPhone ya mwaka 2007. Masimulizi hayo huiacha kando kazi iliyo katikati, yaani namna kompyuta inavyoelezwa mahali kidole kilipogusa. Katika mifumo iliyopachikwa, yaani kompyuta ndogo zilizofungwa ndani ya mizani, pampu au vifaa vya maabara, kazi hiyo humwangukia anayeiunganisha skrini na bodi.

Kwa Arusha suala hili si la pembezoni. Chini ya Mlima Meru, katika eneo la Tengeru, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011. Mwaka 2019, kwa ufadhili wa Ujerumani, ilianzishwa hapo shahada ya uzamili ya mifumo iliyopachikwa na ya simu, inayowahudumia wanafunzi wa Afrika Mashariki. (Mkono wa Ujerumani si mgeni mjini: Chuo cha Ufundi Arusha nacho kilianzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano na Ujerumani Magharibi.) Mwanafunzi wa fani hii hupata bodi kutoka kiwanda kimoja na skrini kutoka kingine. Daraja baina ya viwili hivyo hulijenga mwenyewe.

Daraja la awali lilikuwa la hesabu. Skrini ya ukinzani ina tabaka mbili zinazopitisha umeme. Zikibanwa hugusana, na volteji inayopimwa hugeuzwa kuwa namba, kwa kawaida kati ya 0 na 4095. Namba hizo hazilingani na nukta za picha. Maktaba ya tslib, iliyoandikwa na Russell King, ilimtaka mtumiaji aguse misalaba mitano, minne pembeni na mmoja katikati. Kutokana nayo zilikokotolewa namba saba zilizohifadhiwa katika faili moja dogo. Utaratibu huu ulikuwa wa kuchosha, lakini ulikuwa na adabu moja: kioo kikibadilishwa, hata asiyejua programu aliweza kuirekebisha mashine kwa kidole chake.

Skrini za kapasita zilikuja na kidhibiti chenye programu yake ndani, kinachotoa nukta zilizokwisha kukokotolewa. Toleo la Linux 2.6.30 la mwaka 2009 liliweka utaratibu wa kupokea vidole vingi kwa pamoja. Misalaba ikatoweka, na mzigo ukahamia kwingine. Hadi wakati huo kila bodi ya ARM ilielezwa ndani ya msimbo wa kiini cha Linux chenyewe. Baada ya malalamiko makali ya Linus Torvalds mwaka 2011, maelezo hayo yalihamishiwa katika faili la pekee liitwalo mti wa vifaa. Humo huandikwa aina ya kidhibiti, anwani yake, waya wa kukatiza, waya wa kuanzisha upya, na kama mihimili imepinduliwa.

Mfano wa GT911, kidhibiti cha kampuni ya Goodix, unaonyesha uzito wa mistari hiyo michache. Anwani yake huwa 0x5D au 0x14, kutegemea hali ya waya wa kukatiza wakati kidhibiti kinapoamshwa. Anayeandika anwani moja ilhali kidhibiti kimeamka na nyingine atapata picha safi kwenye skrini isiyosikia mguso wowote. Kioo ni kizima, bodi ni nzima, na hakuna msalaba wa kugusa. Tatizo limo katika faili ambalo pengine aliyeiuza mashine hakulikabidhi kwa mnunuzi.

Hata hivyo, si sahihi kuuona mpito huu kama ngazi ambayo kila kidato kipya ni bora kuliko kilichopita. Skrini ya kapasita husumbuliwa na matone ya maji, na chaja hafifu huweza kuizalishia miguso ya uongo. Skrini ya ukinzani hutambua mgandamizo wenyewe, hivyo hukubali glavu na kidole kilicholowa. Kwa mizani ya kahawa itakayotumika nje katika masika ya Meru, uamuzi wa kubaki na teknolojia ya miaka ya 1970 una mantiki kamili ya kihandisi. Mwenye mizani hiyo pia hubaki na faili lake la namba saba, ambalo anaweza kuliandika upya kwa kugusa misalaba mitano.