Pesa Zilikuja Baadaye

Hapa Huruma, Eldoret, ukitaja amani mtu atakuuliza: mfadhili ni nani? Swali si baya. Tangu 2008 tumeona semina, fulana na soda za kutosha. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa kwenye ghasia za uchaguzi, 405 kati yao kwa risasi. Sasa, pesa za kuzuia bunduki zianzie wapi?

Mimi huwarudia akina mama wa Wajir. Mwaka 1993, koo zikiuana kwa silaha nyingi zilizovuka mpaka kutoka Somalia, Dekha Ibrahim Abdi na wenzake walianza na soko: kila mama auze na anunue, awe wa ukoo gani. Hawakungoja ruzuku ya mtu. Waliketi na wazee, wakawatafuta vijana. Mwaka 1995 ikazaliwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, serikali ikiwa ndani. Wafadhili walikuta kazi imeshika, na baadaye kamati za aina hiyo zikaenea wilaya nyingine.

Mnaona mpangilio? Lakini tusidanganyane, kujitolea hakulipi nauli. Kijana wa mtaa anayetuliza wenzake usiku hana cheti, akaunti wala Kiingereza cha fomu. Ruzuku ikifuata makaratasi pekee, itampita tu. Wajir inatufunza swali la kuuliza kabla ya fomu: soko liko wazi, na ni nani aliyelifungua?