Kusoma ng'ambo, kula kwa mwenyeji

Anayedhani kusoma ng'ambo kulianza na Wazungu, mimi humtajia Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, akavuka bahari hadi Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir, naye Bakathir alikuwa mzaliwa wa Lamu. Mwaka 1937 Al-Amin akawa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Mwanafunzi mgeni hakuwa mpangaji. Kwetu Mji wa Kale, Mombasa, bibi yangu aliwapokea vijana wa Lamu waliokuja kusoma. Asubuhi aliwatengea mahamri na mbaazi kwanza, ndipo sisi wajukuu tukala.

Mwaka 1955 Ali, mwanawe Al-Amin, alikwenda Huddersfield, Uingereza. Meli za kwenda Ulaya tulizitazama kutoka barabara ya Mama Ngina, wakati huo Azania Drive. Kila kijana akisafiri, bibi aliuliza: huko atakula kwa nani?