Ugomvi wa laini 16: kwa nini kompyuta za miaka ya tisini ziligoma kuwaka

Kama ulitumia kompyuta miaka ya tisini, huenda unaukumbuka mkasa huu. Umechomeka kadi mpya ya sauti, umewasha mashine, nembo ya Windows imejitokeza, kisha kimya. Kipanya hakisogei, kibodi haiitiki. Ukiitoa kadi, mashine inawaka bila taabu. Ukiirudisha, inaganda tena. Wengi walisema ni virusi. Wengine walifuta diski nzima na kuweka Windows upya, wakapoteza barua na kazi zao, na mashine ikaganda palepale. Kosa halikuwa kwenye diski hata kidogo. Lilitokana na uamuzi wa mwaka 1981.

Prosesa ikiwa kazini, kifaa kinachotaka kusikilizwa lazima kiwe na njia ya kuikatiza. Njia hiyo ni laini ya ombi la kukatiza, na mafundi huiita IRQ. PC ya kwanza ya IBM, iliyotoka mwaka 1981, ilitumia chipu ya Intel 8259A yenye laini 8. Saa ya mfumo ilipewa namba 0, kibodi namba 1, disketi namba 6, printa namba 7. Mwaka 1984 ikaja PC/AT na chipu ya pili yenye laini 8 nyingine. Lakini chipu hiyo ilipitisha maombi yake kwenye laini moja ya ile ya kwanza, kwa hiyo 8 na 8 zikawa 15 za kutumika. Ukishatoa za diski kuu, saa, kipanya na bandari za modemu, zilibaki chache sana za kugawia kadi zote.

Mwaka 1984 zilitosha. Miaka kumi baadaye, kila mtu alitaka sauti, CD, modemu na mtandao ndani ya boksi moja. Kadi za ISA hazikuweza kushiriki laini moja kwa usalama, na namba yake ulipanga mwenyewe kwa kuhamisha jampa, vile vifuniko vidogo vya plastiki juu ya kadi. Sound Blaster za mwanzo zilitoka kiwandani zikiwa kwenye namba 7, ileile ya printa. Bandari za COM1 na COM3 zote zilitumia namba 4, kwa hiyo kipanya kikiwa COM1 na modemu COM3, mmoja alimnyamazisha mwenzake. Draiva ingeweza kungoja jibu lisilofika, na kwa kuwa ilifanya kazi ndani kabisa ya mfumo, kungoja kwake kulisimamisha mashine nzima.

Mwaka 1993 Intel na Microsoft walitoa kanuni za Plug and Play kwa kadi za ISA, na Windows 95 ikaingia sokoni tarehe 24 Agosti 1995 ikiahidi kugawa namba yenyewe. Kadi mpya ziliweza kuulizwa, zikajibu. Za zamani hazikujua kujibu, ikabidi Windows ibahatishe kwa kugusagusa bandari, na kugusa pasipofaa kuliweza kuigandisha mashine. Watu wakaibatiza teknolojia hiyo "chomeka uombe Mungu". Hata hivyo waundaji walijihami: wakati wa kutambua vifaa, Windows 95 iliandika faili la DETCRASH.LOG. Ikiganda na kuwashwa upya, ilisoma humo ilipokuwa imekwama, ikaruka hatua hiyo.

Kulikuwa pia na hali salama, iliyowasha mfumo kwa draiva za msingi tu. Mashine ikiwaka humo, ulijua diski na mfumo viko hai, na mshukiwa ni kadi au draiva yake. Faili la BOOTLOG.TXT lilionyesha draiva ya mwisho kuguswa. Kisha ulitoa kadi zote zisizo za lazima na kuzirudisha moja moja. Kwetu Kenya, ambako kompyuta nyingi zilifika zikiwa zimeshatumika ng'ambo, subira hiyo iliweza kuokoa mashine iliyokwisha kutangazwa kuwa imekufa.

Dawa ya kudumu ilikuja kidogo kidogo. PCI ya mwaka 1992 iliruhusu kadi kushiriki laini, mradi draiva ziandikwe kwa adabu. ACPI ya mwaka 1996 ikaupa mfumo mamlaka ya kupanga vifaa, ingawa kwenye bodi zenye BIOS mbovu watumiaji wa Linux walilazimika kuandika "acpi=off" au "noapic" ndipo iwake. Mwishowe, PCI 2.2 ya mwaka 1998 ilileta njia ya kifaa kutuma ujumbe kupitia kumbukumbu badala ya kuvuta waya, na PCI Express ikaifanya kuwa njia ya kawaida. Leo kifaa kimoja chaweza kuwa na hadi maombi 2048 yake binafsi.

Namba zimeacha kugombaniwa, lakini draiva mbovu na kadi zisizopatana bado zipo. Kwa hiyo kompyuta ikigoma baada ya kuongezewa kifaa, usikimbilie kufuta diski. Kitoe kifaa hicho kwanza, washa kwa hali salama, nakili mafaili yako, ndipo utafute draiva sahihi.